Sombe na Kisamvu

Niliondoka Goma mwezi wa Agosti 2016, nikiwa na umri wa miaka 17. Nilikuwa nimepata ufadhili wa kusoma miaka miwili ya mwisho ya sekondari katika shule moja ya bweni ya kimataifa huko Moshi, Tanzania. Mama alinisindikiza hadi mpakani. Kabla sijavuka kuingia Gisenyi kwa miguu, begi likiwa kichwani, aliniambia: "Mama, usiogope. Kule banasemaka Swahili."

Kwetu mzazi humwita binti yake "mama" kwa mapenzi, na mtoto wa kiume "papa". Neno hilo na ile habari ya Kiswahili ndivyo vilivyonifariji njia nzima. Kifaransa nilichosomea tangu darasa la kwanza hakingenisaidia huko niendako, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini Kiswahili kilikuwa changu. Katiba ya nchi yetu inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kwa Kiswahili nilijifunza kuhesabu, nikihesabu mafungu ya sambaza ambayo mama aliuza katika soko la Virunga. Kwa Kiswahili nilisimuliwa jinsi alivyonibeba mgongoni Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini na kufunika mtaa wetu. Nilijua nitashindwa mengi huko Moshi, lakini sikudhani hilo lingekuwa mojawapo.

Safari ya basi kutoka Kigali ilipita Rusumo, Kahama na Singida. Nilifika siku ya tatu, miguu imevimba. Getini nilimkuta mlinzi, mzee wa makamo. Nikamwambia kwa furaha, "Jambo!" Akatabasamu akanijibu kwa Kiingereza, akaniuliza kama nimekuja kutembelea mlima. Nilibaki nimeduwaa. Sikujua kwamba huku "jambo" tupu ni salamu ya watalii, na kwamba mtu wa umri wake nilipaswa kumwambia "shikamoo". Kwetu Goma sikuwahi kulitumia neno hilo. Basi siku yangu ya kwanza ikaanza kwa kumkosea heshima mtu bila kujua.

Chumbani tulikuwa wasichana wanne. Mmoja alitoka Dar es Salaam, mmoja Kampala, mmoja Ujerumani. Yule wa Kampala alisema waziwazi kwamba Kiswahili anakiogopa, kwa hiyo hakuna aliyemcheka. Yule Mjerumani alikuwa amejifunza kwa mwaka mmoja tu, lakini alisema "kitabu changu" na "viti vyetu" bila kutetereka. Mimi nilisema "kitabu yangu". Nilisema "batu", nikasema "niko naenda ku darasa". Yule wa Dar es Salaam hakuwa na roho mbaya, ila kila nilipofungua mdomo alicheka hadi machozi, kisha akawaita wenzake: "Njooni mumsikie Mkongo!" Siku za mwanzo nilicheka nao. Mgeni hana budi kucheka.

Wiki ya kwanza haijaisha, tulipewa jaribio la kupangiwa madarasa ya lugha. Kwenye fomu, palipoandikwa "lugha ya kwanza", nilijaza "Kiswahili" kwa herufi kubwa. Tuliambiwa tuandike barua kwa rafiki. Niliandika kurasa mbili, za kwanza kukamilika katika chumba kizima. Karatasi iliporudi ilikuwa imejaa wino mwekundu, na chini yake maelezo mafupi: nipelekwe kwa wanaosoma Kiswahili kama lugha ya pili. Niliketi katikati ya Mjerumani wetu na kijana mmoja kutoka Marekani. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba si adhabu, ni msingi tu nilihitaji. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba lugha niliyoaminiwa nayo mpakani haikuwa lugha.

Jioni ile nilinunua daftari katika duka la shule. Kila ukurasa niliugawa kwa mstari. Upande wa kushoto niliandika "Makosa", upande wa kulia "Sahihi". Batu, watu. Mayi, maji. Makala, mkaa. Aksanti, asante. Lengalenga, mchicha. Nilikariri usiku kwa tochi, baada ya matroni kuzima taa, kama mtu anayesomea mtihani wa kuokoa roho yake. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa ninaweza kuongea dakika tano bila kuchekwa. Nilianza hata kuwasahihisha wengine.

Kila Jumapili alasiri tuliruhusiwa kutumia simu. Mama hakuwa na simu yenye intaneti, kwa hiyo alikwenda kwa jirani na kusubiri. Jumapili ya nne aliniuliza kama kawaida: "Mama, ulikula? Batoto ba kule banakupenda?" Nikamjibu, na sijui nilikuwa namjibu nani hasa: "Si 'batoto', mama. Ni 'watoto wa kule wanakupenda'. Huku ukisema vile watu wanacheka."

Alinyamaza. Nilisikia kelele za pikipiki upande wa pili. Kisha akasema polepole, akitafuta kila neno: "Sawa. Watoto... wa kule." Akaaga.

Sikuona uzito wake siku ile. Niliona nimemsaidia. Jumapili iliyofuata simu ilipokelewa na kaka yangu mdogo. Nilipomwomba anipe mama, alisitasita. "Mama anasema uongee na mimi," alisema. "Anasema weye sasa uko na Swahili ya bakubwa, anaogopa kukuharibia." Nikauliza yuko wapi. Akajibu, "Iko hapa pembeni, anasikiliza."

Ndugu msomaji, nimewahi kupata alama mbaya na nimewahi kuchekwa darasani. Hakuna kilichoniuma kama kujua kwamba mama yangu ameketi karibu na simu, anataka kusikia sauti yangu, lakini hathubutu kufungua mdomo mbele ya mtoto wake mwenyewe.

Sikumwambia mtu yeyote. Wiki ile nilikula kidogo. Siku ya Alhamisi, bwaloni, mama mmoja wa jikoni alinipakulia mboga ya kijani kibichi juu ya wali. Nilijua harufu yake kabla sijaiona. Likanitoka bila kufikiri: "Sombe!" Papo hapo nikajirudi kama ilivyoandikwa daftarini: "Samahani, shikamoo mama. Nilitaka kusema kisamvu."

Aliacha upawa ndani ya sufuria. "Marahaba. Samahani ya nini?" akauliza. "Hata sisi kwetu Kigoma tunaiita sombe. Wewe wa wapi?" Nilipomwambia Goma, aliniuliza kama kwetu tunaiunga kwa mawese. Nikamwambia ndiyo. Akasema bibi yake mzaa mama alivuka ziwa kutoka upande wetu, na kwamba yeye alipokuja kufanya kazi Moshi, miaka ya mwanzo naye alichekwa. "Hapa wanapika kwa nazi," alisema, "na mimi napika kwa nazi kwa sababu ni kazi. Nikirudi Kigoma napika kwa mawese. Mboga ni ileile."

Foleni nyuma yangu ilianza kulalamika, nikasogea. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika mbili. Lakini usiku ule nililitoa daftari nikalitazama kwa muda mrefu. Katika ule upande wa "Makosa" yalikuwamo maneno yote ambayo mama alinifundisha. Nilikuwa nimemwandika mama yangu chini ya kichwa kile, ukurasa baada ya ukurasa. Nikachukua kalamu, nikafuta. Kushoto nikaandika "Nyumbani", kulia nikaandika "Darasani". Maneno yenyewe sikuyagusa.

Jumapili nilimwambia kaka amwekee mama simu sikioni, atake asitake. Nikasema haraka, kwa lugha yetu, kabla hajakataa: "Mama, aksanti kwa kunisikiliza. Huku banapika sombe na nazi. Nimesahau namna yetu. Unaanzaka na nini?"

Mwanzoni alijibu kwa neno mojamoja. Twanga. Chemsha. Kisha akaanza kueleza kwamba majani yasipochemka sana yatakuumiza tumbo, na kwamba mawese hutiwa mwishoni. Akamkumbuka shangazi aliyewahi kuunguza sombe ya harusi, akacheka, nami nikacheka. Tuliongea hadi salio likaisha. Sikusahihisha neno hata moja.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Nilibaki katika darasa la lugha ya pili mwaka mzima, na ninakiri kwamba nililihitaji. Ngeli za nomino hazikujileta zenyewe. Yule msichana wa Dar es Salaam aliendelea kunitania, ingawa baadaye aliniomba daftari langu akalisoma lote, akauliza maswali mazuri kuliko ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alipoliona, alinipa kipindi kizima kuwaeleza wenzangu jinsi tunavyosema kwetu. Nilitetemeka, lakini nilieleza.

Leo ninasoma Kiswahili chuo kikuu. Nimejifunza kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kukisanifisha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji na haikuwamo katika mpango huo. Kiswahili chetu kilifika mapema zaidi, pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakua sokoni, migodini na majumbani, kikichanganyika na lugha zilizokuwapo. Laiti ningelijua hilo nikiwa na miaka 17. Ningeelewa kwamba kanuni nilizozivunja ziliandikwa pasipokuwa na mtu wa kwetu, na ningezisoma bila kuzigeuza fimbo ya kumchapia mama.

Ninaandika insha hii kwa Kiswahili sanifu, na ninajivunia kukijua. Kimenipa nafasi hii ya kuzungumza nanyi, wanafunzi wenzangu na walimu wangu, mtokao nchi mbalimbali. Lakini kuna jambo moja halijapona. Nikiwa likizoni nyumbani na rafiki wa chuo akinitembelea, mama humkaribisha kwa chakula na kwa tabasamu, kisha sauti yake hushuka. Husema maneno machache, akinitazama mimi kwa jicho la pembeni kama anayeuliza: hapo nimesema vizuri?

Hapo ndipo mimi huanza kusema kama yeye, kwa sauti kubwa, mbele ya mgeni. Naye, taratibu, hunifuata.