Ekseli Iliyokatika

Land Rover ya marehemu baba yangu, ya mwaka 1965, ilitugomea katika mchanga wa mto Tiva, nasi tukimpeleka shangazi hospitali, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Injini ilinguruma, magurudumu yasigeuke. Hapo ndipo baba alipokisukuma chini kifimbo chenye kichwa cha manjano, magurudumu ya mbele yakatuvuta. (Angalifanya hivyo kabla ya kuuingia mchanga!)

Ekseli ya nyuma ilikatika kwenye meno yake 10, yaingiayo ndani ya difu. Fundi aliokota kila kipande, maana chuma kikibaki humo husaga gia. Kisha akatia ekseli nene zaidi, za meno 24, pamoja na difu ya kupatana nazo.

Baba alinung'unikia gharama. Shangazi, amempakata mtoto, alimtazama tu.