Talking Heads: orkestra iliyokufa gazetini

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1991, Chris Frantz, mpiga ngoma, na mke wake Tina Weymouth, mpiga besi, walipata habari za kifo cha orkestra yao sawa na watu wengine wote: gazetini. Mwimbaji, David Byrne, alikuwa ameambia Los Angeles Times kama Talking Heads imekwisha.

Walikuwa wametoka mbali. Watatu hao walijuana kwenye shule ya sanaa huko Rhode Island, Marekani. Walipohamia New York hawakuwa na mpiga besi, basi Tina akajifunza. Mwaka 1975 walipanda jukwaani mara ya kwanza katika baa ya CBGB, wakitangulia kundi la Ramones. Wenzao walivaa koti za ngozi, wao mashati ya kawaida. Jerry Harrison aliingia mwaka 1977, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka huohuo.

Sifa kubwa ililetwa na albamu ya nne, Remain in Light, ya mwaka 1980. Pamoja na Mwingereza Brian Eno walikuwa wamesikiliza sana Fela Kuti wa Nijeria. Gitaa, besi na ngoma vilirudia mchezo mmoja, kila mtu akiongeza chake juu, mpaka wimbo unasimama. Kwa sikio la Mkongomani aliyekulia kwenye seben, hilo si jambo geni. Lakini ugomvi nao ulikomaa hapo. Nyimbo zilizaliwa na watu wote wakipiga pamoja. Kwenye ganda la sahani, waliotajwa kwa majina yao kama watunzi ni Byrne na Eno, wengine wakafichwa nyuma ya jina la kundi. Frantz na Tina hawakunyamaza.

Hata hivyo, mwezi wa kumi na mbili 1983, huko Hollywood, walipigwa picha za filamu ya Stop Making Sense. Byrne anaingia peke yake na gitaa na redio ya kaseti. Wimbo wa pili Tina anafika, halafu Frantz, halafu Harrison, kisha wanamuziki Weusi kama Bernie Worrell, mpaka jukwaa linajaa. Anayetazama hawezi kudhani kama watu hawa wana shida kati yao.

Albamu ya mwisho, Naked, waliirekodi Paris, ikatoka mwaka 1988. Humo saksofoni inapigwa na Manu Dibango, Mkameruni yule aliyeishi Léopoldville akipiga na African Jazz ya Kabasele.

Mwaka 2002 wanne hao walipiga pamoja nyimbo chache tu, siku ya kupewa heshima. Mwaka 2023 waliketi tena upande mmoja huko Toronto, filamu yao ya zamani iliporudishwa sinemani. Waliulizwa maswali, wakajibu, wakacheka. Hawakushika vyombo.