Mbele ya meza za wauza sarafu

Pwani yetu sijaona bado duka la sarafu tupu. Anayetafuta rupia ya Mjerumani au senti ya tundu huingia duka la vitu vya kale, akapita masanduku ya njumu na saa za ukutani zilizokwama, mpaka alifikie kabati la kioo kule nyuma, na humo, ndani ya mkebe wa biskuti, ndimo zilimo. Au huenda kwa sonara. Au huchuchumaa kando ya barabara mbele ya turubai. Nimepita kote huko tangu miaka ya tisini mwanzoni, na wauzaji nawakumbuka vizuri kuliko sarafu zenyewe, ambazo nyingi nimeshazigawa.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, mwenye duka jembamba ambamo wateja wawili hawapishani. Nilipomwambia, "Shikamoo ami, nataka reale ya Maria Theresa," aliitikia marahaba na bei hakutaja. Alitoa tatu, akazipanga juu ya kitambaa. "Soma mwaka." Zote zilikuwa za 1780. "Malkia huyu kafa mwaka huo huo," akasema, "lakini pesa yake haikufa. Wameipiga chapa Vienna, wameipiga Roma, wameipiga London na Bombay, na kote wameandika 1780, maana Mwarabu na Mhabeshi hawakutaka nyengine."

Kisha akaweka moja kwenye mizani: gramu ishirini na nane na ushei. Akaizungusha polepole chini ya taa ili nione herufi za Kilatini zilizozunguka ukingo. Waghushi wengi, alisema, huupata uso wa malkia wakashindwa na ukingo. Mwisho akaidondosha juu ya kioo, ikalia kwa muda mrefu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ikasema "ko" ikanyamaza. "Hii usinunue, hata kwangu mimi." Akairudisha mkebeni. Nilipomuuliza mbona anaiweka, alicheka: watalii wanaitaka ya kufanyia kidani. Sikuwahi kuamua kama jibu lile linampunguzia hadhi. Watalii, nadhani, walikuwa hawamuulizi.

Kwake ndiko nilikonunua pesa za shaba za Sayyid Barghash, za 1299 Hijria, yaani 1882, zenye mizani upande mmoja. Aliniuzia rahisi na kunieleza kwa nini ni rahisi: zilipigwa nyingi, na bado zipo nyingi. Muuzaji wa kukwambia kitu chake si adimu, huyo mshike.

Wengine walikuwa wa namna nyingine. Katika mji ambao sitautaja nilimkuta sonara akihudumia mama aliyefunga shilingi za kikoloni kwenye pindo la kanga, zile za simba na milima nyuma yake. Sonara akazimimina kiganjani, akazitingisha. "Mama, hizi bati tu, hazina fedha." Akampa hela isiyofika mbali. Mama alipotoka, mwenzetu akavaa miwani na kuzichambua kwa mwaka, mafungu mawili, haraka kama mtu anayechambua mchele. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha halisi; zilizoanza 1948 ni shaba na nikeli. Tarehe zile alizijua kwa moyo. Nikatoka nje bila kuuliza nilichokifuata.

Miaka ya elfu mbili ikaleta madalali wa Dar es Salaam, na hapo biashara ikabadilika lugha. Sarafu ikawa "mali". Kijana mmoja alinivuta mpaka kwenye kibanda cha chai, akatoa soksini kitu kilichoviringishwa kwenye karatasi ya sigara: rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo na milima, ya 1916. Hadithi ya sarafu ile ni ya kweli. Wajerumani walipozingirwa vitani na kuishiwa pesa, waliipiga katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, zaidi kidogo ya 16,000, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huo. Ndiyo maana inaghushiwa sana. "Mzee, kuna Mzungu anaisubiri hotelini," kijana akasema, "lakini nakupa wewe kwanza." Nilipotaja mizani akaikunja karatasi yake. Mwenzake, aliyekuwa kimya hadi hapo, akadai kuwa wanayo nyingine inayovuta punje za mchele. Nikalipia chai.

Siku hizi dalali ni simu. Kenya ilipotoa sarafu mpya Desemba 2018, zenye twiga, kifaru, simba na tembo, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye fedha, shilingi za Mzee Kenyatta zikaanza kufichwa makabatini, na ujumbe ukazagaa kwamba zinatafutwa kwa mamilioni. Huku Tanzania ni senti tano ya samaki ya 1966, ambayo ilipigwa kwa mamilioni, na mtu anakuonyesha tangazo la intaneti kama ushahidi. Bei aliyoitaja muuzaji si bei aliyolipa mnunuzi, lakini hilo mtu mwenye njaa ya kodi ya nyumba humwelezi ukaeleweka.

Simu hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyonikutanisha na muuzaji bora kabisa niliyempata tangu mzee wa Unguja afariki. Ni binti wa Mombasa. Ukimuulizia pesa ya mwaka 1888 ya ile kampuni ya Waingereza iliyoutawala mji ule, anakutumia picha ya pande zote mbili, ya ukingo, na nyingine sarafu ikiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Juzi aliandika: "Hii imesuguliwa, shikamoo baba, kwa hiyo nimeshusha bei." Sikuwa nimegundua.

Basi wewe uliye nazo nyumbani, usizisugue kwa brasso, mchanga wala ndimu. Mnunuzi anayejua hupunguza bei kwa sarafu iliyong'arishwa, na rangi ile ya miaka hairudi. Ukienda kuuza, nenda kwa zaidi ya mmoja, na mwambie azipime mbele yako. Akikataa, zifunge, ondoka.