Supu ya Vitunguu: Kutoka Soko la Paris Hadi Jikoni Mwetu

Mgeni afikaye Paris akauliza liliko soko kuu la Les Halles huonyeshwa paa kubwa la chuma na vioo, na chini yake ngazi zishukazo kwenye maduka ya nguo na stesheni ya treni. Soko lenyewe halipo. Tangu karne ya 12 hapo ndipo mji ulipopatia chakula chake. Katika karne ya 19 msanifu Victor Baltard akalijengea mabanda ya chuma yaliyosifiwa mbali na karibu. Kisha mwaka 1969 wauzaji wakahamishiwa Rungis, kusini mwa mji, na kuanzia 1971 mabanda yakabomolewa. Moja lilisalimika, likapelekwa kusimamishwa upya Nogent-sur-Marne. Sisi tuliozoea kupita Marikiti kila asubuhi tulisimama pale tukaona ajabu, kwamba mji waweza kung'oa tumbo lake na ukaendelea kuishi.

Kilichobaki cha soko lile ni supu. Les Halles lilifanya kazi usiku, na mahamali wake, walioitwa wenye nguvu wa Les Halles, walibeba nyama na magunia tangu usiku wa manane hadi jua kuchomoza. Katika baridi ile walihitaji kitu cha moto, cha kushibisha na kisichokuwa ghali. Kitunguu kilikuwa rahisi, mkate wa jana haukuwa na mnunuzi, na mifupa ilikuwa tele. Jibini juu yake iliziba bakuli kama kifuniko na kuuhifadhi moto. Wasomaji waliowahi kuona wanaume wamezunguka sufuria ya supu ya pweza barabarani usiku wataielewa hali hiyo bila ya maelezo. Iko hadithi kwamba supu hii ililetwa Paris na Stanislas, mfalme wa Poland aliyeipenda katika nyumba ya wageni njiani. Wafaransa hupenda kuisimulia. Nasi tunaona kwamba maskini hawakumngoja mfalme awafundishe kuchemsha vitunguu.

Mkahawa unaotajwa sana kwa supu hii hapo Les Halles ulifunguliwa mwaka 1947, nao jina lake ni Mguu wa Nguruwe. Tulilisoma jina mlangoni, tukapita zetu.

Supu tuliinywa nyumbani, katika viunga vya kaskazini mwa Paris, kwa mama mmoja wa Kingazija ambaye bibi yake alikulia Mombasa. Binti yake ana miaka kumi na miwili. Wenzake shuleni walikuwa wakiisifu supu hii, naye akarudi kumwuliza mamake kwa nini wao hawaipiki. Mama alijua sababu: katika vitabu vya mapishi vya Kifaransa hutiwa divai nyeupe, na wengine huongeza kileo kikali. "Maalim," alituambia, "sikutaka mwanangu akue akidhani dini ni orodha ya vitu alivyonyimwa. Nilitaka aione supu mezani kwetu, na aijue tofauti." Basi akakaa jikoni majuma kadhaa mpaka akaipata.

Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba moto huondoa kileo chote, kwa hiyo hakuna haja ya taabu hiyo. Maneno haya tunayasikia hata kwetu, hasa kwa vijana wafanyao kazi hotelini, nayo si kweli. Wamarekani waliolipima jambo hili walikuta kwamba chakula kilichochemshwa pamoja na kileo kwa saa moja hubakiwa na takriban robo yake, na hata baada ya saa mbili na nusu husalia kidogo. Na lau kingekwisha chote, divai ni najisi kwetu kabla haijafika sufuriani, wala haifai kuinunua. Mlango huo umefungwa. Lakini tuulize divai ilikuwa ikifanya kazi gani mle. Ilileta uchachu kidogo wa kukata utamu wa vitunguu, na umajimaji wa kubandua rangi iliyogandia chini ya sufuria. Kazi zote mbili zafanywa na siki ya tofaa iliyochanganywa na maji, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Ukwaju nao wafaa, ukiwa mwepesi. Tumeujaribu Mombasa, na baadhi ya watu wa nyumbani kwetu waupenda kuliko siki.

Jibini ina neno lake. Ile ya asili, Gruyère au Comté, hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama. Mahanafi wana wepesi katika jambo hili. Kwetu Mashafii sharti mnyama awe amechinjwa kisharia, naye hajala ila maziwa. Tusiingie kwenye mjadala jikoni: zipo jibini zilizogandishwa bila ya kitu cha mnyama, na karatasi ya pakiti huonyesha. Yoyote iyeyukayo vizuri yatosha. Supu ya vidonge nayo isomwe maandishi yake, ingawa mifupa ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama wetu ni bora na ni rahisi zaidi.

Sasa upishi wenyewe. Mama zetu huenda wakadhani wanaujua, kwa kuwa hakuna nyumba ya pwani isiyojua kukaanga vitunguu vya biriani. Lakini huu ni mwendo mwingine. Vya biriani huzamishwa katika mafuta mengi na moto mkali mpaka vikauke na kukatika kwa sauti. Vya supu hutakiwa vilainike na kuyeyuka. Kwa watu wanne, kata kilo moja ya vitunguu maji vipande vyembamba, tia katika sufuria nzito pamoja na vijiko vitatu vya siagi au samli na chumvi kidogo, kisha punguza moto. Kitunguu karibu chote ni maji, na mpaka maji hayo yatoke sukari yake haiwezi kugeuka rangi. Nusu saa ya kwanza utaona weupe na mvuke tu. Usiongeze moto, wala usitie sukari ya kuharakisha. Koroga kwa mwiko kila baada ya dakika chache, na inapokaribia saa nzima sufuria iliyojaa itakuwa imebaki fungu dogo la rangi ya halua. Sayyidna Umar (r.a.) aliwaambia wenye kula kitunguu na thomu wavifishe kwa kuvipika, na baada ya saa hiyo hakuna kilichobaki cha kumuudhi jirani katika safu.

Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, geuza, kisha mimina siki vijiko viwili katika nusu kikombe cha maji na ukwangue chini. Ongeza lita moja na nusu ya supu ya mifupa na pilipili manga, uache ichemke polepole nusu saa. Bizari na mdalasini vikae kando, maana vikiingia itakuwa mchuzi wa pilau.

Wafaransa hupanga mkate na jibini juu ya bakuli na kuzitia tanurini. Bakuli zetu nyingi hupasuka kwa moto wa namna hiyo. Kata boflo la jana, kausha vipande, tandaza jibini juu yake katika sinia, ufunike na kupalia makaa kama upikavyo mkate wa sinia. Jibini ikianza kutoa mapovu na madoa ya kahawia, elekeza kila kipande juu ya supu wakati wa kula, si kabla, kwani mkate hulowa upesi.