Eti Wataalamu "Wamethibitisha" Hatuna Akili?

Juzi tukiwa steji ya Kaplong tukingoja matatu ya Sotik, binamu yangu wa kidato cha pili alinionyesha video kwa simu. Jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa: eti wataalamu waliulizwa, wakathibitisha Mwafrika anazaliwa na akili kidogo. Binamu akaniuliza, "Kwani ni ukweli?" Hakuwa anacheka.

Nikaenda kusoma. Kura kama hiyo ipo kweli. Mwaka 1984, Mark Snyderman na Stanley Rothman waliwatumia wataalamu 1,020 wa Marekani maswali, na 661 wakajibu. Swali moja liliuliza kwa nini Wamarekani weusi na weupe hupishana kwa alama za IQ. Waliosema ni urithi peke yake walikuwa asilimia 1. Mazingira peke yake, 15. Vyote viwili, 45. Waliobaki walisema ushahidi hautoshi, ama wakaliruka swali. Sasa hapo "wamethibitisha" iko wapi? Na swali lenyewe halikuwa hata kuhusu sisi wa huku.

Lakini tusidanganyane, hiyo 45 ipo na siwezi kuifuta. Ila kura inakuambia wataalamu waliwaza nini siku hiyo, basi.

Ona hii sasa. Mwaka huohuo wa 1984, watoto wa vijijini Embu walipimwa kwa michoro ya Raven. Mwaka 1998 wakapimwa watoto wengine wa palepale, wa umri kama ule, karibu miaka 7. Alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14! Tamara Daley na wenzake, waliochapisha matokeo hayo 2003, walitaja wazazi waliosoma zaidi, familia kuwa ndogo, na lishe na afya ya watoto. Hiyo haimalizi ubishi wote, lakini inaonyesha alama si muhuri wa kuzaliwa nao.

Halafu kuna swali la kwanza kabisa: akili ni nini? Miaka ya sabini, Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, huku kwetu Kericho. Wazazi Wakipsigis waliwaambia mtoto mwenye akili ni ng'om, na ndani ya neno hilo kuna kuwajibika: anaona kazi, anaifanya bila kufuatwafuatwa. Akili ya darasani ilitajwa kivyake, ng'om en sukul. Binamu yangu hukama ng'ombe alfajiri na kupeleka maziwa kabla ya shule. Hiyo karatasi ya IQ inaipimia wapi?

Nikamtumia namba zote. Akajibu haraka, "Kumbe ni asilimia 1 tu!"

Nikamwambia pole pole. Yule jamaa wa video naye alichagua namba moja akakimbia nayo. Wewe shika zote, hata ile 45.