Nyumba ya Kupanga Mpala: Tuliyojifunza Wamama Watatu



Tumeombwa kuandika juu ya jambo linalowasumbua wamama wengi wanaopewa kazi mbali na kwao: wapi utalala na watoto. Barua ya kazi inakuja na jina la mahali na tarehe ya kuanza. Habari ya nyumba haimo.

Sisi ni wamama watatu. Mmoja ni muuguzi, wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, wa tatu ni fundi wa kushona aliyefuata soko. Jumla tuna watoto saba. Tulitoka Kalemie tukaja Mpala, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ndugu hapa. Leo tunakaa katika lupango moja, na tunataka kuwaeleza namna tulivyoipata na namna tulivyobaki ndani yake.

Kalemie mtu akitafuta nyumba anamwendea komisionere. Huyo anakutembeza kutwa nzima, na nyumba ikipatikana naye anadai chake. Hapa Mpala komisionere hakuna. Nyumba haitangazwi, inazungumzwa. Inazungumzwa kisimani, sokoni, mahali wamama wanapoanika ndagala, na nje ya kanisa baada ya misa. Kwa hiyo usikae ndani kungoja habari. Siku nne za kwanza tulilala kwa bibi mmoja wa parokia aliyetufungulia sebule yake. Kila asubuhi tuliteka maji pamoja na wamama wa hapa, tukasema sisi ni nani, tumekuja kwa kazi gani, na tunatafuta nini. Tulikwenda pia kujitambulisha kwa shefu wa kijiji mapema, kabla hatujaona nyumba hata moja. Mgeni anayeanza kwa shefu hatafutwi baadaye kwa maswali.

Na maswali hayakosi. Mpala inawajua wageni tangu zamani. Kijiji kinaitwa kwa jina la mfalme wa hapa aliyempokea Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Storms akajenga boma, na mwaka 1885 boma hilo likapita mikononi mwa Mapadri Weupe. Watu wa mahali kama hapa wana haki ya kumwuliza mgeni amekuja kukaa kwa namna gani. Tulijibu kwa upole, tukaonyesha barua zetu za kazi.

Swali moja lilituuma. Papa mwenye nyumba wa kwanza alitusikiliza vizuri, kisha akauliza: "Na mabwana wenu wako wapi? Mimi nitaongea na nani?" Mmoja wetu ni mjane, wa pili bwana wake anafanya kazi Lubumbashi, wa tatu hajaolewa. Yule papa akasema turudi siku tutakapokuwa na mwanaume wa kusimama mbele yake.

Wamama, tujue haki yetu. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilirekebisha sheria ya jamaa ya mwaka 1987, nayo iliondoa ule ulazima wa mke kupata ruhusa ya bwana wake kabla ya kufanya mapatano. Mjane na mama asiyeolewa ruhusa hiyo hawakuihitaji tangu mwanzo. Mama anaweza kupanga nyumba kwa jina lake na kutia sahihi kwa mkono wake. Lakini nyumba ya mtu haifunguliwi kwa kugombana. Tulimshukuru, tukaenda mbele.

Nyumba ya pili ilikuwa nzuri kwa macho: manjanja mapya, hatua chache kutoka ziwani. Mwenyewe alitaka dolari 20 kwa mwezi, na garanti ya miezi sita, yaani dolari 120 mkononi kabla ya kuingiza hata godoro. Hapo napo sheria inasema. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 haikubali garanti ya nyumba ya kukaa ipite kodi ya miezi mitatu. Tulipolitaja jambo hilo alicheka, akasema sheria hiyo ni ya Kinshasa.

Hata kama angekubali, ziwa lenyewe lilitukataza. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na Bujumbura. Tuliyaona kwa macho yetu majirani wakitoa vitanda. Mwenye watoto wadogo asidanganywe na upepo mzuri wa jioni. Angalia ukutani alama ya maji ilipofika, uliza wakaaji wa zamani, upande juu kidogo.

Tangu hapo tulikagua kila nyumba kwa mpango. Kwanza kuta: ufa ulioanza chini na kupanda kwa mshazari hautengenezwi kwa kupaka udongo. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.8 lilipoangusha nyumba Kalemie. Pili paa: ingia mchana, funga mlango, tazama juu. Unapoona mwanga ndipo mvua itakapopitia. Tatu choo na maji: choo kiwe mbali na kisima, na kisiwe upande wa juu wa kisima, maana kwenye pwani ya ziwa hili kipindupindu si mgeni. Nne mlango: ufungike kwa ndani, na ujue ni nani mwingine mwenye ufunguo.

Nyumba tuliyoipata ni ya mama mjane. Ina vyumba vitatu na sebule, matofali ya kuchoma, na yeye anakaa katika nyumba ndogo ndani ya lupango hiyohiyo. Tulipomwambia hatuna bwana wa kuongea naye, akajibu: "Kodi hailipwi na ndevu." Tukapatana dolari 18 kwa mwezi na garanti ya miezi mitatu, dolari 54.

Garanti, wamama, ndiyo inayoleta vita siku ya kuhama. Kisheria si kodi. Ni dhamana ya mpangaji, inarudi akiiacha nyumba katika hali nzuri. Lakini wenye nyumba wengi wanaitumia wiki ileile, na siku ya kuondoka hawana cha kurudisha. Mama yetu alisema wazi kwamba pesa ile ataezekea jiko. Kwa hiyo tuliandika kwamba siku tukitaka kuhama, tutakaa miezi mitatu ya mwisho bila kulipa, na garanti itakuwa imekwisha. Hakuna atakayemdai mwenzake.

Karatasi yetu ni ya ukurasa mmoja. Inataja majina ya pande zote, vyumba, bei na aina ya pesa, tarehe ya kulipa, garanti, nani anatengeneza paa likivuja, na hali ya nyumba siku tulipoingia: kioo kimoja kimevunjika, milango minne, kufuli mbili. Tulihesabu pamoja naye. Tuliweka mashahidi watatu: shefu wa kijiji, bibi wa parokia, na mzee mmoja wa ukoo wa marehemu bwana wake. Huyo wa tatu mama mwenye nyumba hakumtaka. Tulimwomba sana mpaka akakubali.

Mwezi wa saba tulijua faida yake. Shemeji yake alifika kutoka Moba, akasema nyumba ni ya kaka yake, mjane hana ruhusa ya kupangisha, na sisi tutoke ndani ya wiki moja. Ilikuwa katikati ya masika, watoto wako shuleni. Usiku ule hatukulala. Mama mwenye nyumba alilia zaidi yetu, maana kodi yetu ndiyo inayowalisha wajukuu wake.

Asubuhi tulikwenda wote kwa shefu. Hatukusema mengi, tuliweka karatasi mezani. Mzee wa ukoo aliitwa, akaulizwa kama sahihi ile ni yake. Akasema ni yake, na kwamba ukoo ulijua tangu siku ya kwanza kuwa kodi ni ya mjane na watoto wa marehemu. Shemeji alirudi Moba. Karatasi tuliyoiandika ili kujilinda sisi ilimlinda na yeye. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba ya mjane iko katika hatari hiyohiyo.

Kuhusu kukaa pamoja, tuseme kwa ufupi. Muuguzi ana watoto wanne, kwa hiyo amechukua chumba kikubwa na analipa dolari 8. Wengine wawili wanalipa 5 kila mmoja. Kila mtu ana jiko lake, maana urafiki mwingi umefia kwenye sufuria moja. Kuni tunanunua pamoja. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka faranga 2,000 katika sanduku, kama likelemba, ila hii haiguswi isipokuwa kwa kodi. Mshahara wa mwalimu ukichelewa, sanduku linalipa, naye anarudisha polepole. Tangu tuingie hatujalala na deni la nyumba.

Sasa ombi letu kwa vikundi vyote vya wamama. Mama anayehamia kwenu kwa kazi ndiye atakayezalisha mabinti zenu na kufundisha watoto wenu kusoma. Akikosa pa kulala, ataomba kurudi mjini, na kiti chake kitabaki kitupu. Kila kikundi kiwe na daftari moja la vyumba vilivyo wazi: chumba kiko kwa nani, bei gani, maji yako wapi. Kila kikundi kichague mama mmoja wa kumpokea mgeni siku tatu za kwanza na kumpeleka kwa shefu. Na mjane mwenye nyumba asaidiwe kuandika karatasi yake, hata kama mpangaji hakuomba.

Sisi Mpala tumekwisha kuanza. Daftari letu lina vyumba vitano, na viwili kati yake vina mlango unaofungika kwa ndani. Anayekuja atume habari kwa kikundi kabla ya kupanda mtumbwi, tumwangalilie.

Amani nyumbani kwenu.