Neno "Bure" na Mchanga wa Coco

Katika lugha yetu neno "bure" lina nyuso mbili, na nyuso hizo hazielewani. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Lakini mtu bure ni mtu asiyefaa, na aliyesumbuka bure ni yule aliyerudi mikono mitupu. Nimelifundisha neno hili miaka mingi katika shule za sekondari, nikiliandika ubaoni pamoja na mifano yake, ila uzito wake nimeupima mwaka huu, nikiwa mstaafu, juu ya mchanga wa Coco, jijini Dar es Salaam.

Wasomaji wa Pwani mniwie radhi nikieleza mnachokijua. Coco ni ufukwe wa Oysterbay, kandokando ya barabara ya Toure, si mbali na katikati ya jiji. Hapana tiketi wala kiingilio. Jumapili alasiri watu hufurika: familia zenye mikeka, vijana na mpira wao, wauza madafu, mishikaki, na ile mihogo ya kukaanga inayomwagiwa pilipili na kachumbari. Anayekula hulipia alichokula. Anayetaka bahari tu, haulizwi neno.

Mimi ni mkazi wa Nyasubi, Kahama, na bahari iko kiasi cha kilomita 1,000 kutoka kwetu. Ziwa ndilo lililo karibu, tena lilitufuata nyumbani. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yakaletwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama. Kwa hiyo ziwa tunalinywa, tunalifulia nguo, na mwisho wa mwezi tunalilipia ankara. Ufuo wake tu ndio haukuingia bombani.

Nilifuatana na mjukuu wangu wa miaka 11. Tulipoteremka mchangani alinishika mkono akaniuliza, "Babu, tunalipia wapi?" Nikamwambia hapalipiwi. Akageuka, akatazama barabarani, akarudi tena kuyatazama maji. "Kwani ni pa nani?"

Msomaji usimcheke. Mtoto aliyekulia katika ukanda wa dhahabu anaijua senyenge tangu yu mgongoni mwa mama yake. Kwake yeye, kilicho na thamani huzungushiwa uzio na kuwekewa mlinzi. Kisicho na uzio ni pori, au ni kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Alikuwa ameushika ule uso wa pili wa neno "bure" bila kufundishwa na mtu.

Nikamjibu kwa sheria, maana ualimu hautoki mwilini hata baada ya kustaafu. Nikamwambia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Akaenda majini, akahesabu hatua 60 ndefu kuja juu, akasimama. Kisha akaniuliza: maji yakirudi nyuma, tunaanza kuhesabu upya?

Swali hilo limo ndani ya lugha yenyewe. "Bahari" ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na "bara" vivyo hivyo. Lakini "pwani" ni letu kabisa: ni mahali panapopwa. Wazee waliounda neno hili hawakutaja mchanga wala mawe, walitaja mwendo wa maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na palipokuwa na kina cha mtu mzima watoto huokota kombe. Utampimia nani kiwanja mahali pa namna hiyo? Hata hivyo wapo wanaopima. Nimekwisha kukuta, baharini na ziwani pia, geti na kiingilio mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya miguu, na Coco yenyewe imekuwa na mivutano ya miaka mingi kuhusu nani auendeleze na kwa namna gani.

Katika kikao kimoja cha washairi niliwahi kuambiwa kwamba sisi wa bara tunaazima bahari. Kwamba ushairi wetu hauna chumvi. Sikuafiki siku ile, na siafiki leo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuwekea sheria za kutunga kitabuni mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, baba wa ngonjera, ni mtu wa Dodoma, kusikokuwa na bahari wala ziwa la kutajika. Na aina za mashairi tumeziita nini, kama si bahari? Niliketi juu ya jiwe nikatunga ubeti huu:

Nimetoka Nyasubini, kwa basi nikasafiri,
Nikafika ufukweni, sikuulizwa habari,
Wala hapana getini, mlinzi mwenye kiburi,
Pwani haina wageni, yeyote aje bahari.

Mafundi wataniambia kwamba "geti" ni neno la juzi na kwamba "baharini" nimelikata mkia kwa ajili ya kina. Naam, nimelikata. "Lango" ningeweza kulitumia, lakini malango ninayoyaona yanajengwa leo yanaitwa mageti.

Mjukuu alimaliza mihogo yake, akafuta vidole kwa mchanga. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Waliotandika mbele waliinuka, wakavuta mikeka yao nyuma hatua chache, na waliokuwa nyuma wakawasogelea kando kuwapa nafasi.